Mkanda wa Nje

Inspekta hakuwa mtu wa wivu. Hilo alilisema mwenyewe, tena mbele ya watu ambao hawakumuuliza. Ila asubuhi ile alipofika mahabusu na kumkuta mtuhumiwa wake anakunywa chai, macho yake yalitua kwanza kwenye chupa. Ilikuwa chupa ya kijani, kishikio chake kimezungushiwa utepe mweusi, na utepe ule aliuzungusha yeye Inspekta kwa mkono wake, jikoni kwake.

"Chupa hiyo umeitoa wapi?"

"Dada kaileta, shemeji. Kasema humu ndani kuna baridi."

"Mimi si shemeji yako."

"Haya, afande." Mtuhumiwa alikifunga kifuniko taratibu, bila haraka yoyote.

Alikuwa fundi wa magari, na mtaa mzima ulimwita Kompyuta kwa sababu ya mashine yake, ile anayoichomeka kwenye gari ikamsomea ugonjwa kwenye kioo. Zamani, kabla Inspekta hajawa Inspekta, wote wawili walipeleka posa kwenye nyumba moja. Wazee wakamchagua mwenye mshahara wa serikali. Kompyuta akahama mji, akapotea huko alikopotea, na mwaka huu karudi na mashine yake, kafungua gereji yenye sakafu ya vigae, na kila wakikutana anamwita Inspekta shemeji, kwa madai kwamba mke wa Inspekta sasa ni dada yake. Undugu huo Inspekta hakuuomba.

"Tuanze upya," alisema, akavuta kiti. "Gari la Mama Cherehani. Ulilifanya nini?"

"Nilibadilisha mkanda wa taimingi, rola zake na pampu ya maji. Gari la dizeli la zamani kama lile, mkanda ukifika muda wake huusubirishi. Ukikatika, umeua injini."

"Na umekatika. Injini imekufa katikati ya mteremko wa sokoni, breki zimekuwa ngumu kama jiwe, gari limepanda ukuta na mdogo wake Mama Cherehani kavunjika mkono. Mtaa mzima unasema uliweka mkanda bandia."

"Mtaa haukuwepo nilipoununua."

"Ulifunga kila kitu ulichofungua?"

Kompyuta alikuwa na jibu la haraka kwa kila swali tangu jana. Kwa hili alimeza mate kwanza. "Nilifunga," alisema.

Inspekta aliyaona yale mate yakishuka kooni, akafurahi. Alasiri jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka. Likifika na neno "uzembe" ndani yake, Kompyuta angepanda kizimbani na gereji yake ingefungwa, vigae na vyote. Alipotoka alibeba na ile chupa ya chai, ingawa haikuwa tupu.

Gari lenyewe lilikuwa kwenye yadi nyuma ya kituo, limefunikwa turubai tangu livutwe kutoka sokoni. Koplo, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache na masikio makali, alikuwa ameshalifunua. Alikuwa anahangaika na boneti.

"Imegoma, afande. Nimevuta mpaka kucha imenitoka."

Inspekta naye alivuta, ikagoma. Ikabidi waipandishe kwa bisibisi. Kabla ya kuvaa nyota begani, Inspekta alikuwa fundi kwenye karakana ya jeshi la polisi, na ingawa siku hizi alipenda watu wasahau, mikono yake haikusahau. Alivua saa, akakunja mikono ya shati, akaanza kufungua. Mkanda wa ndani, ule wa taimingi, ulitoka umenyofoka meno upande mmoja.

"Bandia," alisema. Alilisema neno hilo kwa utamu.

Koplo aliupokea, akaugeuza kwenye mwanga. "Maandishi yake safi, afande. Na meno hayajasagika, yameng'olewa kwa mpigo. Kuna kitu kiliuingia." Akainama, akaingiza mkono chini kabisa, nyuma ya puli kubwa. "Hiki hapa."

Ulikuwa ni mzongo wa nyuzi nyeusi na vipande vya mpira, umejikaza hata ikabidi waukate ili utoke. Inspekta alijua ni nini kabla haujafika mkononi mwake. Huo ulikuwa mkanda wa nje, ule unaozungusha alteneta ya kuchajia betri. Mkanda wa nje ukikatika, taa nyekundu inawaka, dereva anasimama kando, fundi anakuja na mwingine, basi. Hauui injini. Lakini huu ulichanika ukiwa mbioni, nyuzi zake zikapenya kwa ndani, zikaingia chini ya mkanda wa taimingi, mkanda ukaruka meno, pistoni zikagonga valvu. Yaliyofuata yalikuwa ukuta na mkono uliovunjika.

"Zilipenyaje?" Koplo aliuliza. "Si pana kava pale la kuukinga wa ndani?"

Inspekta alipapasa. Kava la juu lilikuwepo. La chini halikuwepo. Palikuwa na matundu matupu ya vibanio.

"Ndiyo maana alimeza mate!" Inspekta alijipiga paja. "Kaacha kava la chini. Uzembe mtupu. Andika."

"Naandika. Na hili nalo niliandike?"

Koplo alikuwa ameunyoosha mkanda wa nje juu ya gazeti. Mahali ulipoachana, nusu ya upana wake ilikuwa imechanika hovyo, nyuzi zimetoka nje. Nusu nyingine ilikuwa imenyooka, safi, mpaka ikang'aa. Inspekta aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kisu," alisema hatimaye.

"Kisu, afande. Kikaachia nusu ili uende mbele kidogo ndipo umalizike."

"Basi kakata yeye huyo huyo. Anatafuta kazi nyingine kwa mteja yule yule. Mikanda miwili, malipo mawili."

Koplo alifuta mikono kwenye tambara. "Afande, mtu akate mkanda wa gari alilolitengeneza yeye, ili jina lichafuke la kwake, na mahabusu alale yeye?"

"Watu wa mashine hawaeleweki."

Koplo aliukunja mkanda ndani ya gazeti. Alikuwa na namna yake ya kutojibu, na kwa Inspekta ilichoma kuliko kujibiwa.

Mama Cherehani alikuwa mjane, na chumba chake cha ushonaji kilitazamana na ukuta wa duka jirani, si barabara. Walimkuta anapima shati mgongoni mwa sanamu ya mbao, pini zimejaa midomoni. Kando ya mashine yake, sakafu ilikuwa na alama nne za miguu ya mashine ya pili. Mashine yenyewe haikuwepo.

"Hiyo ndiyo mkanda," alisema alipomwona Inspekta anatazama pale chini. Alizitoa pini moja moja. "Cherehani la kudarizi. Nilimpa mnunuzi asubuhi, mchana nikampa fundi fedha yote. Na sasa naambiwa silinda hedi imekwisha, valvu zimepinda, na kulitengeneza kunazidi bei ya gari lenyewe. Mfungeni tu huyo Kompyuta, baba. Mdogo wangu hawezi hata kujichana."

"Mama, boneti ya gari lako inafunguliwaje?"

"Unabonyeza kwa goti upande wa kushoto, unavuta kulia. Ina kiburi chake."

"Nani anajua hivyo?"

"Mimi na fundi."

Koplo aliinua kichwa. "Fundi yupi, mama?"

"Wote wawili. Kompyuta, na Mzee Dizeli wa ng'ambo ya barabara. Mzee Dizeli amelilea gari lile tangu marehemu mume wangu alipolinunua. Kila kelele ya gari lile anaijua."

"Kwa nini ulimhama?"

"Sikumhama!" Mama Cherehani aliweka pini mezani kwa kishindo, zikatawanyika. "Mgongo ulikuwa unamsumbua. Hawezi kuinama dakika mbili. Muda wa mkanda umefika, kazi ya kulala chini siku nzima, nikamwonea huruma. Nikasema safari hii nimpumzishe. Tangu hapo nikimpungia mkono anatazama pembeni."

Inspekta aliuliza gari lilikuwa linaegeshwa wapi. Lilikuwa linaegeshwa nje, pembeni ya mlango, na mama huyu akiwa kwenye mashine alikuwa hasikii hata mvua.

Njiani Koplo alitembea kimya, na Inspekta akaongea peke yake. Alisema mzee wa umri ule hana sababu ya kufanya utoto. Alisema wote wawili walijua boneti, kwa hiyo Kompyuta bado yumo. Alilirudia hilo la Kompyuta bado yumo, Koplo akasema, "Ndiyo, afande," kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

Gereji ya Mzee Dizeli ilikuwa kibanda cha mabati kinachotazamana uso kwa uso na vigae vya Kompyuta, ambavyo leo vilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa kufuli. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kilichong'olewa garini, anaosha sindano za injini, zile za kurushia dizeli, kwenye beseni la mafuta ya taa. Mezani palikuwa na karatasi ya gasketi ya kuzibia maungio ya injini, na kisu cha kuikatia.

"Shikamoo, mzee," alisema Koplo.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kaeni popote pasipo na oili, kama mtapaona."

Inspekta alikaa. "Tumekuja kuomba utaalamu wako. Kuhusu gari la Mama Cherehani."

Uso wa mzee ulibadilika. Haukuogopa, ulichangamka. Aliweka sindano chini, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Sasa ndiyo mnanikumbuka. Siku zote nilikuwa hapa. Mnajua gari lile likiwa na homa linasikika tangu kona ya kule? Mimi nilikuwa nikilisikia najua leo anakuja. Nalitayarishia spana. Halafu siku moja nasikia linakuja, nasimama, nafuta kiti, nalo linapita. Linakata kule." Alionyesha vigae kwa kidevu. "Linaingia kwenye saluni ile. Ile si gereji, ile ni saluni. Sakafu unajiona meno! Na yule anatengeneza gari kwa kuliuliza maswali kwenye kioo. Mimi nilikaa hapa hapa kwenye kiti hiki namtazama anainua boneti niliyoizoea mimi. Goti lake, kwenye boneti ile. Chakula hakikupita siku hiyo."

Inspekta alisogeza miguu. Alijikuta anaielewa habari hiyo ya goti kuliko alivyopenda.

"Watu wanasema aliweka mkanda bandia," alisema.

"Watu hawajui kitu. Siwezi kumsingizia mtu, mkanda alioununua ni mzuri, tena wa daraja la juu. Ubaya wake ni uvivu. Lile kava la chini hakulirudisha! Vibanio vimevunjika, akaona tabu kutafuta vingine, akaacha wazi. Miaka yote niliyolishika mimi, kava lile halijalala nje hata siku moja. Ndiyo maana mkanda ulipokatwa nyuzi zikapata njia. Kwangu mimi zisingepata."

Matone ya mafuta yalisikika yakianguka ndani ya beseni.

"Ulipofanya nini, mzee?" aliuliza Koplo.

"Ulipokatika."

"Umesema ulipokatwa."

"Ulimi huo, mwanangu. Meno yameniisha."

"W haitoki kwenye meno, mzee. Ni ya midomo, na midomo unayo."

Mzee alicheka kidogo, kisha akaona amecheka peke yake. Inspekta alikuwa anamtazama. Na hapa lazima isemwe, maana yeye mwenyewe asingeisema: kuna sehemu ya roho yake iliyokuwa inamwombea mzee huyu apate jibu zuri. Mzee akijinasua, Kompyuta anabaki ndani. Alimpa nafasi makusudi. Akasubiri. Mzee akaokota sindano, akairudisha.

"Mzee wangu," Inspekta alisema, na kila neno lilimtoka kwa shida, "mtaa mzima unaongea habari ya mkanda wa ndani. Hakuna aliyetaja wa nje. Hakuna aliyetaja kava. Gari liko kwetu chini ya turubai, na mimi mwenyewe kava nimelikosa leo asubuhi kwa kupapasa. Na tangu Kompyuta alitoe kava, gari lile halijaingia kibandani kwako. Wewe umelikosa lini?"

Mzee Dizeli alitazama vigae vya ng'ambo, akatazama mikono yake.

"Alikuwa ndani anashona," alisema. "Nilikwenda kumsalimia tu. Wallahi nilikwenda kumsalimia. Nikapita karibu na gari, nikasema ngoja nione kazi ya huyu bwana. Nikabonyeza kwa goti. Nikapeleka mkono chini, nikakuta hakuna kava. Hasira zikanipanda mpaka masikioni. Hivi ndivyo ulivyoachwa? nikaliambia. Kisu kilikuwa mfukoni, nilitoka kukata gasketi."

"Ukakata."

"Nusu tu! Wa nje tu! Nilisema litakwenda kidogo, taa itawaka, atasimama, atanipigia." Aliinuka kwa kushikilia meza, akafikia rafu, akashusha mkanda mpya wa nje ambao bado ulikuwa kwenye ganda lake. "Nilishauandaa. Saizi yake. Ningekwenda nao pale pale alipo, ningemfungia, ningemwonyesha na kava lisilokuwepo, angejua nani fundi. Nilikaa hapa na simu mapajani kutwa nzima."

"Kava ulijua halipo," alisema Koplo polepole. "Na nyuzi ulijua zinaweza kuingia. Wewe si mwanafunzi."

Mzee aliupangusa vumbi ule mkanda mpya.

"Kwa akili nilijua," alisema. "Wakati ule sikuwa na akili, mwanangu. Nilikuwa na kisu."

Inspekta alifungua lango la mahabusu kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu hakutaka askari mwingine amwone anachukua muda mrefu kutafuta ufunguo.

"Toka."

"Asante, she—" Kompyuta alijizuia. "Asante, afande."

"Usinishukuru. Kava la chini."

Kompyuta aliinamisha kichwa. Ujuvi wote ulimtoka, na Inspekta, aliyengoja tangu asubuhi kuuona uso huo, hakupata raha yoyote ndani yake.

"Vibanio vilivunjika," alisema Kompyuta. "Nilisema nitaagiza. Nikasahau. Niliposikia injini imekufa, usingizi haukunijia, afande. Si kwa ajili ya mahabusu."

"Kwangu hakuna shtaka la kisu. Hilo la kava utakwenda kulijibu mbele ya mwenye gari. Yuko kaunta."

Mama Cherehani alikuwa kaunta kweli, ameitwa kuweka saini kwenye maelezo yake mapya. Kwenye benchi la pembeni alikaa Mzee Dizeli, mgongo ameuegemeza ukutani, mkanda mpya bado uko mikononi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyang'anya. Koplo alikuwa anaandikisha vitu vyake: kisu, funguo, miwani, simu.

Kompyuta alikwenda moja kwa moja kwa mama yule, akamwambia habari ya kava, bila kujitetea. Akasema injini ataifungua yeye, na kazi hatamtoza. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Ungeniambia siku ile ile," alisema tu. "Ningekusamehe bure." Kisha akageukia benchi.

"Na wewe, Mzee Dizeli. Nimekukosea nini?"

Mzee alijaribu kusimama, mgongo ukamkatalia. "Hujanikosea, mama. Nilitaka usimame tu njiani. Usimame, unipigie."

"Nilikupigia."

Mzee alimtazama bila kuelewa.

"Nilikupigia wewe," Mama Cherehani alirudia. "Mdogo wangu analia kiti cha pembeni, watu wamejaa, nikatafuta namba ya fundi wangu. Sikuitafuta ya huyu. Nilimlipa huyu, lakini sikumkumbuka hata jina. Nilipiga kwako, nikapiga tena. Inakata. Haiiti hata kidogo, inakata."

"Haikuita! Nilikuwa nayo hapa, mapajani, nakuapia—"

Koplo alikuwa ameishika simu ya mzee. Aliigusa, akatelezesha kidole, akasimama. Inspekta alisogea akaona juu ya bega lake. Kwenye orodha ya waliozuiwa kulikuwa na jina moja tu. Halikuwa jina la mtu. Mzee alikuwa amemhifadhi Mama Cherehani kama Gari Langu. Chini yake zilipangana simu zilizokuja siku ya ajali, moja chini ya nyingine.

"Mzee," alisema Koplo, na sauti yake haikuwa ya kazini. "Ulimfungia."

Kaunta nzima iliacha kuandika. Mzee Dizeli alifumba macho, na walimwona anakumbuka.

"Siku ile," alisema. "Siku gari lilipopita. Nilimwona jioni ananipigia, nikajua anataka kunieleza habari za mgongo wangu. Sikutaka huruma yake. Nikambonyeza hivi, nikamfungia. Nikasahau kama nimefanya."

Mama Cherehani alichukua kalamu kwa Inspekta, akaweka saini pale alipoonyeshwa. Alipoirudisha kalamu, alibaki amesimama, mkoba umebanwa kifuani, hajui kama aondoke au akae.

"Mfungulie, mwanangu," mzee alimwambia Koplo. "Mimi siijui vizuri hiyo mashine. Mfungulie mama huyu."

Koplo alimtazama Inspekta. Kuchezea kielelezo kulikuwa marufuku na wote wawili walilijua hilo. Inspekta akageuka, akaanza kutafuta kitu kwenye droo isiyokuwa na kitu.

Koplo aligusa jina lile, likatoka kwenye orodha. Akamwonyesha mzee kioo mpaka alipotikisa kichwa kwamba ameona. Kisha akaizima simu, akaitia kwenye bahasha ya vielelezo pamoja na kisu, akaibandika.